BUTIAMA: NYUMBANI KWA MWALIMU ALIYEKUWA MWANDISHI

Wale tuliokuwa pamoja shuleni mwaka 1973 hawawezi kuwa wamesahau usiku ule tulipoonyesha mchezo wa Juliasi Kaizari katika bwalo la chakula. Ulikuwa mwezi wa Julai, na baridi ya Mafinga mnaijua. Majoho ya Kirumi yalikuwa mablanketi yetu wenyewe ya bwenini, kwa hiyo kila mtu alitaka kuwa Mrumi. Mapanga yalichongwa kwa mbao za msonobari. Taa ya karabai ilizimika mara mbili. Ilipozimika mara ya pili Kaizari alikuwa amekwisha kuuawa. Akainuka gizani, akaenda zake jikoni kuota moto. Taa ilipowaka tena maiti haikuwapo, na wageni wakapiga makofi wakidhani ndivyo mchezo ulivyoandikwa.

Mimi sikuwa Kaizari wala Bruto. Nilikuwa Mwananchi wa Tatu. Kazi yangu ilikuwa kusimama ndani ya kundi na kumshangilia Bruto anapoeleza kwa nini amemuua rafiki yake. Kisha, kabla ya robo saa kupita, ilinibidi nimshangilie Antoni anapotuonyesha maiti, halafu nitoke mbio pamoja na wenzangu kwenda kuchoma nyumba za watu. Niliona haya kupewa sehemu ndogo namna ile. Mwalimu wetu wa Kiswahili akaniambia, "Usinune, kijana. Wakubwa wote katika mchezo huu wanakufa. Kundi linabaki." Sikumwelewa. Imenichukua karibu miaka hamsini, na safari ya kilometa nyingi, kumwelewa.

Safari yenyewe

Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyeufasiri mchezo ule, alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922. Kwa hiyo mwaka 2022 angekuwa ametimiza miaka 100. Mwaka huo mimi na mwenzangu mmoja wa bweni moja, ambaye sisi wa rika lake tunamwita Bruto mpaka leo, tulitanabahi kwamba tumezeeka bila ya kufika kwake. Sisi watu wa Iringa tumeyazoea makumbusho ya Kalenga, panapotunzwa fuvu la Mtwa Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Hiyo ni nyumba ya shujaa wa vita. Nyumba ya mtu wa kalamu hatukuwa tumeiona hata moja. Basi tukafunga safari.

Kutoka Mafinga hadi Butiama ni zaidi ya kilometa 1,000. Siku ya kwanza tulipita Iringa, tukateremka mpaka Mtera penye bwawa, tukapita Dodoma na Manyoni, tukalala Singida. Siku ya pili tulipita Nzega na Shinyanga, jioni tukawa Mwanza. Siku ya tatu tulishika njia ya kando ya ziwa, tukapita Magu na Lamadi, tukafika Bunda. Hapo kuna njia inayochepuka kwenda Kisorya, kwenye kivuko cha Ukerewe. Bruto, ambaye amefundisha fasihi maisha yake yote, alivua kofia.

"Unamwamkia nani?" nikamwuliza.

"Mzee Kitereza," akajibu.

Kwa faida ya vijana nitaeleza. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika hadithi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945, kwa lugha yake ya Kikerewe, ili desturi za watu wake zisipotee. Hakupata mtu wa kuichapa. Ikambidi aifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikatoka mwaka 1980, yaani baada ya miaka 35. Mwaka uliofuata mzee alifariki. Bruto alisema kwamba kama mzee yule angechoka akaiacha kalamu mwaka mmoja tu kabla ya kumaliza, leo tusingejua hata kwamba Myombekere alipata kuwapo. Maneno hayo niliyatia moyoni, nikaenda nayo Butiama.

Kalamu kabla ya ofisi

Vijana wengi wanamjua Mwalimu kwa picha iliyo ukutani na kwa sauti yake redioni kila mwezi wa Oktoba. Wachache wanamjua kama mwandishi. Mimi nasema alikuwa mwandishi kabla hajawa kiongozi, akaendelea kuwa mwandishi hata baada ya kuuacha uongozi.

Alipokuwa Chuo cha Makerere, kuanzia mwaka 1943 hadi 1945, aliandika insha juu ya hali ya wanawake wa Kizanaki, akitumia fikra za Mwingereza John Stuart Mill, akashinda kwayo tuzo. Tukumbuke kwamba baba yake, Mtemi Burito, alikuwa na wake 22, na mama yake, Mgaya, alikuwa mke wa tano. Kijana huyu hakuwa akiandika mambo ya kusikia.

Alisoma Edinburgh kuanzia mwaka 1949 hadi 1952. Aliporudi kwao alifanya jambo lililowashangaza watu: alikanyaga udongo, akafyatua matofali, akajenga nyumba kwa mikono yake mwenyewe. Watu hawakuwa wamezoea kumwona msomi wa Ulaya akiwa na matope mpaka magotini. Januari 1953 akamwoa Maria Waningu, kisha wakaenda Pugu alikopata kazi ya ualimu. Mwaka 1955 aliacha ualimu kwa ajili ya TANU, akarudi kwao Musoma kwa muda. Huko aliwafundisha mapadri wa Maryknoll lugha ya Kizanaki na kuwasaidia katika kazi ya kufasiri. Tazameni: hana kazi, hana mshahara, ana chama kichanga mikononi, naye amekaa mezani akipima neno kwa neno.

Kalamu hiyo ilimtia mashakani pia. Alikuwa akiandika katika kijarida kilichoitwa Sauti ya TANU. Mwaka 1958 alishtakiwa kwa kuwakashifu maofisa wawili wa serikali ya kikoloni katika kijarida hicho. Mahakama ilimwona na hatia, ikampa kuchagua faini ya paundi 150 au kifungo cha miezi sita. Faini ililipwa. Wale mnaofikiri kwamba kuandika ni kazi ya watu wavivu, likumbukeni jambo hilo.

Januari 1962, mwezi mmoja tu na siku chache baada ya Uhuru, alijiuzulu Uwaziri Mkuu akamwachia Rashidi Kawawa. Mwaka huo alizunguka nchini kukijenga chama, akaandika kijitabu chake juu ya ujamaa. Mwaka 1963 ikatoka tafsiri yake ya Shakespeare. Baadaye aliirudia, akairekebisha, ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina tulilolijua sisi, Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo ikatoka Mabepari wa Venisi. Alitaka watu waone kwamba Kiswahili kinaweza kubeba mzigo wowote. Sisi tuliokariri mistari ile isiyo na vina, huku meno yakigongana kwa baridi, ni mashahidi kwamba kiliweza.

Nilipokuwa mwanafunzi sikuwaza lolote juu ya ujasiri wa jambo lile. Huyu ni mtawala mpya wa nchi mpya, na usiku anakaa kufasiri mchezo ambamo mtawala anauawa na rafiki zake kwa kuogopwa kwamba atajifanya mfalme. Kitabu kilitoka mwaka 1963. Januari 1964 askari wa Colito waliasi, na kwa siku mbili Rais hakuonekana hadharani. Sijui ni watawala wangapi wengine wangekiacha kitabu kile kiendelee kufundishwa mashuleni. Yeye alikiacha.

Ndani ya makumbusho

Tulifika Butiama mchana, tukipitia Kiabakari. Ni nchi ya vilima na majabali makubwa, mengine yamebebana kama mizigo juu ya lori. Kijana aliyetupokea makumbusho alitupa shikamoo, akauliza tumetoka wapi. Tulipomwambia Mafinga alishika kichwa.

"Wazee wangu, huko si ndiko kwenye kambi ya JKT?"

"Ndiko," akasema Bruto. "Na huyu unayemwona alikimbia mchakamchaka huko mpaka akasahau jina lake."

Makumbusho haya yalifunguliwa mwaka 1999, yakiwa sehemu ya Makumbusho ya Taifa. Ni mwaka uleule ambao Mwalimu alifariki London, tarehe 14 Oktoba, akarudishwa kuzikwa hapahapa nyumbani. Mna picha za tangu ujana wake, mavazi yake, samani, na zawadi nyingi alizopewa na wananchi na wageni. Mtu anayetarajia dhahabu ya mfalme atarudi akinung'unika. Vitu vingi ni vile ambavyo babu yeyote mwenye heshima angeweza kuwa navyo.

Lakini mimi nilisimama kwa muda mrefu zaidi mbele ya maandishi yake ya mkono. Maneno ya mtu huyu nimeyasoma tangu utoto yakiwa yamepigwa chapa: katika vijitabu, katika magazeti, juu ya kanga, juu ya kuta za ofisi za kijiji. Yakiwa yamepigwa chapa yanaonekana kama amri. Huwezi kufikiri kwamba yalipata kuwa na shaka. Yakiwa kwa kalamu unaona ni mtu amekaa peke yake usiku, akitafuta neno. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini nyumba ya mwandishi hutunzwa. Vitabu vyake vimo katika kila maktaba, hata yetu. Huhitaji kwenda Butiama kuvisoma. Unakwenda kuona kwamba vilitoka mkononi mwa mtu mwenye meza, kiti na taa kama wewe.

Na hakuacha. Alipong'atuka urais Novemba 1985, na uenyekiti wa chama mwaka 1990, alirudi hapa kijijini kulima na kuandika. Aliandika juu ya Muungano na uongozi wetu kwa ukali uliowashtua wengi. Kisha akachukua kazi ambayo hakuna aliyemtuma: kuzitia Injili zote nne na Matendo ya Mitume katika tenzi za Kiswahili. Tenzi hizo zilitolewa mwaka 1996 na Wabenedikto wa Ndanda na Peramiho, majirani zetu wa kusini. Alikuwa na miaka 74. Bruto, ambaye tangu astaafu hunung'unikia macho yake kila siku, alinyamaza.

Kundi la wananchi

Tulikuwa na wageni wengine mchana ule. Mzee mmoja alisema kwa sauti kubwa kwamba nchi hii haitapata tena mtu kama huyu na kwamba wote waliomfuata ni wezi. Mwingine, mtu wa makamo, alimnong'oneza mkewe habari za miaka ya 1980: foleni ya sabuni, foleni ya sukari, unga wa yanga. Mke akacheka. Nikajiona niko tena katika bwalo letu, nimejifunga blanketi. Bruto anasema, tunashangilia. Antoni anasema, tunashangilia.

Kwa mtu wa historia hayo yote mawili hayatoshi. Mwaka 1962, mwaka uleule wa kijitabu cha ujamaa, Bunge lilipitisha sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kufikishwa mahakamani, na wako watu waliowekwa. Hilo ni kweli. Na ni kweli kwamba mwaka 1985 alitoka Ikulu kwa miguu yake mwenyewe, wakati ambapo marais wengi wa Afrika walikuwa wakitolewa kwa bunduki au kwa jeneza. Mfasiri wa Kaizari hakumngoja Bruto. Mwaka 1977, Azimio la Arusha lilipotimiza miaka kumi, aliketi akaandika mwenyewe tathmini yake, akakiri kwamba nchi haikuwa bado ya kijamaa wala haikuwa imejitegemea. Katika tathmini hiyohiyo alitoa hesabu ya watu waliokuwa wakiishi vijijini: watu 13,065,000 katika vijiji 7,684.

Hesabu hiyo inanihusu. Katika watu hao 13,065,000 mmoja ni baba yangu.

Mahame

Kutoka makumbusho tulikwenda Mwitongo, kwenye kilima cha familia, penye makaburi ya Mtemi Burito na Mama Mgaya, na kaburi la Mwalimu mwenyewe. Upepo wa ziwa unapita katikati ya mawe. Niliuliza maana ya jina hilo, nikaambiwa kwamba kwa Kizanaki ni mahali palipokuwa na mji zamani watu wakahama. Yaani ni mahame. Sisi Waswahili tunalo neno lilelile: tongo, matongo. Nilikaa juu ya jiwe.

Baba yangu alikuwa na nyumba juu ya kilima huko Mufindi, mwendo wa saa nne kwa miguu kutoka barabara kuu. Aliijenga mwenyewe, na mlango wake aliuchonga mwenyewe, ubao mmoja wa mninga. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini ni lazima kwa kila mtu, na kwamba kazi hiyo iwe imekwisha kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Mkoa wa Iringa ulihamishwa sana mwaka 1974. Katika sehemu nyingine za nchi watu walisukumwa, na nyumba zilichomwa. Hayo yameandikwa na wengi. Kwetu baba hakusukumwa. Alisikiliza mkutano, akarudi, akaung'oa mlango wake, akaubeba kichwani mpaka kijiji kipya. Nyumba ya huko ilikuwa na nafasi ndogo, kwa hiyo aliukata chini shibiri moja.

Mimi nilirudi likizo bila habari yoyote. Nilipanda kilima na sanduku langu la bati begani, nikakuta ukuta, majivu na mti wa mpera. Hakuna mbwa, hakuna moshi. Nilisimama pale palipokuwa mlango nikaita "Kamwene!" kama mjinga. Bibi mmoja aliyekuwa akikata kuni ndiye aliyenionyesha kwetu kulikohamia.

Lakini si hayo tu. Katika kijiji kile kipya palikuwa na darasa la kisomo chini ya mti. Mwaka 1970 ulikuwa umetangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni iliendelea mpaka mtihani wa taifa wa mwaka 1975. Katika hesabu ya mwaka 1967 kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1975 walikuwa wamepungua hadi asilimia 39. Kule kilimani baba asingefika darasa lolote. Kijijini alikwenda kila alasiri, mikono yake ya jembe ikaivunja penseli baada ya penseli. Na katikati ya mwaka 1975, nikiwa kidato cha nne, nilipata shuleni barua ya kwanza aliyoiandika maishani. Herufi zote kubwa, hakuna nukta, maneno yameshikana. Ilisema: mwanangu sisi wazima, nyumba mpya inavuja, lakini nimejua kuandika jina lako.

Ndugu wasomaji, nitawaambia nilichoifanyia barua hiyo. Niliisoma, nikacheka na wenzangu jinsi maneno yalivyoshikana. Jumamosi ilipofika nilikuwa na kipande cha sabuni ya mche kilicholowa, sikuwa na karatasi, nikakifungia. Hayo nayajua mimi, na Bruto, ambaye alikuwapo. Baba alifariki mwaka 1991. Aliniandikia barua nyingine baadaye, zilizo nzuri zaidi. Ile ya kwanza ndiyo ningeiweka ndani ya kioo.

Basi pale Mwitongo nilielewa neno la mwalimu wetu wa Kiswahili. Mtu aliyeandika ana nyumba, na nyumba yake ina mlinzi na mgeni wa kutoka Mafinga. Mwananchi wa Tatu hana nyumba. Amehama, ukuta umeanguka, mpera umekauka, na mtu akiuliza aliishi wapi hakuna wa kumwonyesha. Sisemi hivyo kwa kumlaumu mwenye makumbusho. Baba mwenyewe hakumlaumu mtu. Alikuwa akisema nyumba ilimchukua mlango, kijiji kikampa kalamu, na kwamba hakujua hata siku moja kama biashara hiyo ilikuwa na faida au hasara. Mimi pia sijui. Ninachosema ni kwamba hesabu hiyo haiwezi kupigwa na upande mmoja tu. Nusu yake imo Butiama, imetunzwa vizuri. Nusu nyingine imo mahameni, na inaliwa na mchwa.

Hata nyumba ya Shakespeare

Tukiwa njiani kurudi Bruto alinipa kisa kimoja cha kunituliza. Nyumba ambayo Shakespeare alizaliwa, huko Stratford-upon-Avon, ilinunuliwa kwa michango mwaka 1847 ili itunzwe, miaka zaidi ya mia mbili baada ya kifo chake. Lakini nyumba yake kubwa, aliyoinunua kwa mali yake na akafia humo, haipo. Mwenye nyumba wa baadaye, padri mmoja wa Kiingereza, aliibomoa mwaka 1759. Watu huenda leo kutazama kiwanja tu. Kumbe hata huyo mkubwa wa waandishi ana mahame yake. Kilichomwokoa ni karatasi. Rafiki zake wawili wa jukwaani walizikusanya tamthilia zake, wakazichapa mwaka 1623, miaka saba baada ya kufa kwake. Bila karatasi hizo mchezo wa Juliasi Kaizari ungepotea, Mwalimu asingekuwa na cha kufasiri, na sisi tungelala mapema usiku ule wa Julai tukiwa tumejifunika mablanketi yetu.

Ombi

Sasa nina ombi kwa pande mbili.

Kwa wenzangu tuliomaliza zamani: tunapokutana kila mara tunachangia madawati na mabati, na ni vema. Lakini tazameni majumbani mwenu. Madaftari, barua, picha za timu ya mpira, vitabu vya shamba la shule, ratiba ya zamu, hata karatasi ya mchezo ule wa mwaka 1973 kama mtu anayo. Vileteni. Kabati moja lenye kioo, katika pembe moja ya maktaba, halitatushinda. Tukingoja tufe, watoto wetu watavichoma wakisafisha chumba.

Kwenu vijana mlioko shuleni: sisi tulikipata kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea cha mwaka 1967 kwa njia ya jembe kabla ya kukisoma, mahindi na maharage tuliyolima mnayajua kwa hadithi. Ninyi hatuwapi jembe. Mtakapokwenda likizo, kila mmoja amkalishe chini mzee mmoja wa kwao, babu, bibi, au jirani, amwulize: nyumba yenu ya kwanza ilikuwa wapi, nani aliijenga, mlihama lini na kwa nini? Andikeni ukurasa mmoja tu. Andikeni jina la kilima na jina la mto. Msimshangilie mtu na msimzomee mtu, andikeni alichosema. Walimu wa Historia na Kiswahili wamekubali kuzipokea kurasa hizo, na mhariri ameniahidi kwamba zilizo bora zitatoka katika toleo lijalo la jarida hili.

Wa kwangu nimekwisha kuupeleka maktaba. Unaanza na jina la baba yangu, na mahali mlango ulipokuwa.